Kidevu cha Baba Perez

Miaka ile ya hamsini na kitu, ukishuka stesheni ya Ruiru asubuhi, mtu wa kwanza kukuamkua hakuwa askari wala mkagua tiketi. Alikuwa Selpha, mama Perez, na mtungi wake wa uji wa wimbi uliochachuka vizuri. Mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. "Njooni mnywe, jamani! Hiyo kahawa ya mzungu mtaichuma na nini kama tumbo ni tupu?" Wachuma kahawa walicheka, wakakaa, wakanywa. Hakuna aliyepata kumwona Selpha amekosa neno la kusema, isipokuwa siku moja tu. Ni siku hiyo ninayotaka kuwasimulia, kwa sababu kukosa neno kwake kulikaribia kumpotezea mume.

Selpha alizaliwa Seme, upande wa Kisumu, akaletwa Ruiru na ndoa. Alipokuwa msichana mdogo aling'olewa meno sita ya chini kama wenzake wote wa rika lake. Hilo lilikuwa jambo la Wajaluo tangu zamani: unakaa chini, unang'olewa kwa kachuma kadogo, unatema damu, hulii, na kuanzia hapo unahesabiwa kuwa mtu. Mumewe, Nicanor Opiyo, naye vivyo hivyo. Wazee wa kwao walisema pengo lile lina kazi mbili. Mtu akikaza taya kwa ugonjwa, atanyweshwa uji kupitia hapo. Na akifia ugenini, watu wake watamfungua mdomo wamjue. Selpha aliyasikia hayo utotoni, akayaweka pamoja na maneno mengine ya wazee. Hakujua yote mawili yatamfikia, tena mwaka mmoja.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa hamsini na tano, wakati wa emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Nicanor alifanya kazi katika shamba la mkonge kati ya Ruiru na Thika, kwenye lile jimashine kubwa la kukwangua majani ya mkonge ambalo wafanyakazi waliliita korona. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza mkanda wa korona ulikatika. Ulikuwa mpana kama kiganja na ulikuwa ukienda mbio. Ukaruka, ukampiga chini ya mdomo. Haukumuua. Ulimwondolea kidevu.

Akapelekwa hospitali ndogo ya kampuni, nje kidogo ya mji wa Thika. Taya zilikuwa zimepasuka, wakazifunga pamoja kwa waya, juu na chini, zisisogee. Dresa, yule mfunga vidonda, akamwambia Selpha, "Mama, huyu hawezi kula. Tutaona Mungu atafanya nini." Selpha akamtazama yule dresa kama anayemtazama mpumbavu. Akaenda jikoni mwa hospitali, akakoroga uji mwepesi, akarudi, akaingiza ncha ya kijiko katika lile pengo la meno sita. Uji ukaingia. Kwa siku arobaini mume wake alikula hivyo, kijiko baada ya kijiko, vidole vya Selpha vikipajua pale mahali kuliko vinavyojua mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Nicanor akapona, lakini alibaki bila kidevu. Mfupa wa mbele ulikuwa umemomonyoka, na mdomo wa chini, kwa kukosa pa kuegemea, ukaanguka ndani. Mate yalimtoka. Alijifunga skafu hata jua likiwaka. Zamani aliimba ile sauti nzito kanisani, sasa akawa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, atoke kabla watu hawajasimama kusalimiana. Mtoto wao Perez, msichana wa miaka minne, alikuwa akimwambia, "Baba, toa hiyo kitambaa," naye anageuza uso.

Mwezi wa nane akaja daktari mpya, kijana wa Kiingereza ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi mmoja nchini. Ilisemekana vitani alijifunza kutengeneza upya nyuso za marubani walioungua. Akamwona Nicanor na skafu yake, akamfungua, akampapasa, macho yakamng'aa kama fundi seremala aliyeona mbao nzuri. Akasema atamtia kidevu kingine.

"Kitatoka wapi?" Selpha akamuuliza nesi aliyekuwa akitafsiri, msichana wa Kikuyu aliyeitwa Njambi.

"Kitatengenezwa, mama. Atapasua ndani ya mdomo, nyuma ya huu mdomo wa chini, akitie, ashone. Nje hakutakuwa na kovu."

"Mtu hutengenezewa kidevu?"

"Hata mimi ni mara ya kwanza kusikia," akasema Njambi kwa sauti ya chini.

Nicanor akaweka dole gumba kwenye karatasi kabla mkewe hajamaliza kuuliza.

Wiki mbili baada ya upasuaji Selpha akaitwa kumchukua. Akafika na kibuyu cha uji. Njambi alimsubiri mlangoni.

"Mama Perez, usishtuke."

"Nishtuke nini? Amekufa?"

"Ngai! Hapana. Amependeza."

Nicanor alikuwa ameketi kitandani, ametazama dirishani, na Selpha akakiona kidevu kwa upande. Kile cha kwanza, alichomwoa nacho, kilikuwa kidogo, cha mviringo kama kitako cha kibuyu. Hiki kilikuwa kipana, kimekatika chini sawasawa kama pembe ya sanduku, na katikati kina kishimo. Selpha alihisi amekwisha kukiona mahali. Akageuka. Daktari alikuwa amesimama pale na mikono mfukoni, anatabasamu, na kidevu chake kilikuwa kipana, kimekatika chini sawasawa, na katikati kina kishimo. Yule kijana alikuwa amempa Opiyo kidevu anachokijua yeye, kile anachonyoa kila asubuhi.

Kabla Selpha hajapumua, mumewe akageuka akatabasamu. Kwenye ufizi wake wa chini palikuwa na meno sita, meupe, yamepangana kama mahindi mabichi.

Kibuyu kikamponyoka. Uji ukatapakaa sakafuni mpaka chini ya kitanda cha jirani.

"Yaye! Hayo ni nini?"

"Meno," akasema Nicanor. Mdomo ulikuwa mzito, hauna hisia bado, na neno likatoka limelowa.

"Ya nani?"

Daktari akacheka, akaongea kwa furaha nyingi, na Njambi akatafsiri huku macho yakiwa chini. "Anasema ule mkanda ulimng'oa Baba Perez meno sita, naye hapendi kufanya kazi nusu. Amemrudishia yote."

Selpha akafungua mdomo wake mwenyewe, akaonyesha kwa kidole. "Na mimi? Mimi nilipigwa na mkanda upi?"

Njambi akaweka mkono mdomoni. Siku ya upasuaji hakuwa zamu, na aliyekuwa zamu hakuuliza. Akamtazama daktari, akawatazama wagonjwa wote waliokuwa wameinua vichwa, halafu hakutafsiri. Miaka ile, nani angesimama katikati ya wadi amwambie mzungu kwamba amekosea?

"Kwa nini hukumwambia wewe?" Selpha akamgeukia mumewe.

"Nilikuwa nimelala. Niliamka nikayakuta."

Daktari akaleta kisahani. Ndani yake palikuwa na kipande kilichobaki, kigumu, laini juu, rangi yake kama ufizi. Ndicho kitu kile kile ambacho fundi wa meno mjini Thika hutengenezea meno ya bandia, Njambi akaeleza. Kidevu kimechongwa kwa kitu hicho, na meno yamepandwa kwenye ufizi wa kitu hicho hicho. Selpha akakigusa kwa ncha ya kidole, akauondoa mkono upesi kana kwamba kimemuuma.

"Sasa sikiliza vizuri," akasema Njambi, na sauti yake ikawa ya kazi. "Haya meno yanatoka. Ukibonyeza hapa kushoto, uinue kulia, kuna vindoano viwili, yanatoka. Lakini si sasa! Wiki tatu yasiguswe. Yanakandamiza ule mshono wa ndani. Ukiyatoa kabla, nyuzi zitakatika, na kidevu kitaona njia ya kutoka. Kikitoka, daktari anasema hakuna nyama ya kutosha kukishika tena. Basi. Atabaki na skafu."

"Wiki tatu," akasema Selpha.

"Wiki tatu, mama."

Wakapanda gari la moshi kurudi Ruiru. Selpha aliketi akimkabili mumewe, si karibu naye. Alijua ni yeye, mikono ilikuwa ya Opiyo, kovu la panga gotini lilikuwa la Opiyo. Lakini kila alipoinua macho alikutana na uso wa mzungu anayeweza kuja kukagua vibanda. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Niambie. Mbuzi aliyekufa siku ya harusi yetu alikuwa rangi gani?"

Nicanor akafikiri. "Hakufa mbuzi. Alikufa jogoo. Na ni wewe uliyemkanyaga."

Selpha akaangua kicheko, akacheka mpaka akapangusa machozi, halafu akainua macho akakiona kile kidevu kikicheka pamoja naye. Kicheko kikakatika.

Ruiru waliikuta stesheni imezungukwa. Askari na homgadi, wale walinzi wa kienyeji wa serikali, walikuwa wamejaa, na lori limesimama upande wa bohari, mlango wa nyuma wazi. Siku hizo hilo halikuwa jambo geni. Walikuwa wakiwatafuta Wakikuyu wasio na ruhusa ya kusafiri, na aliyekamatwa alipelekwa kambini. Kurudi kulikuwa ni bahati. "Wote shuka! Wanaume hapa, mikono kichwani! Wanawake kule!" Atakayeshusha mikono, wakasema, asilaumu mtu.

Aliyekuwa akikagua safu ya wanaume ni Kaleli, konstebo wa Kikamba, mtu mrefu mwenye uchovu wa siku nyingi machoni. Akachukua kadi ya kazi ya Nicanor kutoka mfuko wa shati. Karani wa shamba la mkonge alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, hata kovu la upele. Kaleli akasoma kwa sauti, taratibu.

"Nicanor Opiyo. Kabila, Jaluo. Alama: meno sita ya chini hayako." Akainua macho. "Fungua mdomo."

Nicanor akafungua.

Kaleli akainama akachungulia, kisha akahesabu kwa ncha ya rungu bila kugusa. "Moja, mbili, tatu, ine, tano, sita. Hee! Wewe, meno ya mtu mzima inaota?"

"Dakitari... alinitia..." Nicanor alijaribu, na mate yakamtoka badala ya maneno.

"Hata Kiswahili imekushinda. Juzi tulishika mmoja hapa na kadi ya Mluhya, jana mwingine na ya Mkamba mwenzangu. Kadi unaweza kuazima, bwana. Mdomo huwezi."

"Mke wangu... yule pale."

Selpha akaitwa. Akaja. Kaleli akamwambia afungue mdomo, akaona pengo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Wewe ni Mjaluo, hakuna maneno. Sasa, mama, angalia huyu mtu. Ni bwana yako?"

Ndugu zangu, swali lilikuwa fupi. Jibu lilikuwa fupi zaidi. Selpha akainua macho. Nicanor alikuwa amesimama na mikono kichwani, jua la mchana likimpiga usoni, kidevu kimetangulia mbele kama cha bwana shamba, meno yale sita yanang'aa. Selpha akataka kusema ndiye. Ulimi haukusogea. Alitafuta usoni mahali pa kushika, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango aliouacha jana, asiupate. Akabaki amesimama. Mwanamke wa kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, hana hata pumzi.

"Umeona?" Kaleli akawaambia wenzake. "Hata mke mwenyewe hamjui. Peleka."

Homgadi wawili wakamshika Nicanor mabega wakaanza kumsukuma kuelekea lori. Hakupiga kelele. Alimtazama Selpha mara moja tu, na macho yale, ambayo daktari hakuyagusa, yalikuwa yamejaa mshangao kuliko hofu. Alikuwa amemwona mkewe akinyamaza.

Hapo ndipo Selpha akapata miguu. Akakimbia akapita katikati ya homgadi, akasimama mbele ya mumewe.

"Afande! Naomba! Acha nimfungue mdomo!"

"Mdomo nimekwisha kuona, mama."

"Hujaona! Ni ya kuwekwa! Ni ya hospitali! Acha nikuonyeshe!"

Kaleli akasita, akaashiria kwa rungu. "Haya. Yeye asishushe mikono."

Nicanor akaelewa. Akatikisa kichwa, hapana, hapana, akaunguruma kwa koo, "Wiki tatu, Mama Perez. Wiki tatu." Selpha alijua. Alikuwa akikiona kidevu kile kikitoka na damu, akaiona skafu, akaliona benchi la nyuma kanisani, akamsikia Perez akisema toa kitambaa. Aliviona vyote. Halafu akaliona lori.

"Baba Perez," akasema, "nisamehe."

Akaingiza vidole. Vilipajua mahali. Akabonyeza kushoto, akainua kulia, akasikia vindoano vikiachia na kitu kingine ndani kikiachia pia, laini, kama uzi wa shuka kuukuu. Nicanor akaguna. Meno sita yakatoka mkononi mwa Selpha na ufizi wao, na damu ikafuata, ikamtiririka mumewe kidevuni, juu ya kile kishimo cha kizungu, mpaka kwenye shati.

Mwanamke mmoja upande wa pili akapiga yowe. Homgadi mmoja akarudi nyuma kwa kasi, akajikwaa kwenye reli akakaa chini, bunduki mapajani. Kaleli mwenyewe aliyatazama yale meno kwenye kiganja cha Selpha, akaitazama kadi, akautazama mdomo ulio wazi mbele yake.

Selpha hakuwa akimtazama Kaleli. Mdomo wa chini ulikuwa umelegea, ukarudi ndani kidogo pale ulipozoea kukaa, na lile pengo lilikuwa wazi, jekundu, mahali pale pale ambapo kijiko kilikuwa kikipita.

"Ndiye," akasema, na sauti ikarudi yote, mpaka wachuma kahawa ng'ambo ya reli wakageuka. "Ndiye! Huyu ndiye bwana yangu! Opiyo! Ndiye!"

"Nimesikia, mama," akasema Kaleli. "Usinipasue masikio." Akairudisha kadi mfukoni mwa shati lenye damu, kwa uangalifu, akafunga kifungo. Kisha akasema, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, "Hata meno sasa inaazimwa?"

Lile lori lilikuwa linakwenda Thika. Kaleli akamwambia dereva awashushe wawili hawa hospitali, akiongeza kwamba asiwahesabu kati ya wafungwa. Basi wakapanda nyuma, pamoja na waliokamatwa. Mmoja wao, mzee aliyeitwa Gichuru, alivua koti lake akaliweka chini ya kichwa cha Nicanor. Selpha alikishika kidevu cha mumewe kwa mikono miwili njia nzima, akikikandamiza mahali pake. Alijaribu kutowatazama wale wanaume wengine. Nao walikuwa na wake, na wake zao hawakuwa na kitu cha kutoa mdomoni wamwonyeshe askari. Hospitalini, walipoteremka, mzee hakudai koti. Lori likaondoka, koti likabaki nao.

Daktari alipoona mdomo akapiga kelele kabla hajauliza. Nani amefanya hivi? Kwa nini? Njambi, safari hii, akatafsiri. Akatafsiri yote, tangu kachuma kadogo ka utotoni, siku arobaini za kijiko, mpaka stesheni. Yule kijana akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa kama aliyekatwa miguu. Uso ukamwiva, ukapauka, ukaiva tena. Akamwomba Selpha amwonyeshe kinywa. Selpha akafungua. Daktari akalitazama lile pengo.

"Anasema," Njambi akatafsiri, "kwa nini hakuna mtu aliyemwambia?"

Kisha daktari akainuka. Akaosha mikono akaanza kushona.

Kwa majuma matano hawakujua kama kitakaa. Selpha aliamka kila siku akakitazama kwanza kidevu ndipo aseme habari ya asubuhi. Kikakaa. Kimeinama kushoto kidogo, na kile kishimo kikawa pembeni, hakikuwa tena cha mzungu yeyote. Skafu Selpha aliikata, akaifanya kishikio cha sufuria. Nicanor akarudi kuimba sauti nzito, akiwa na mate kidogo kwenye herufi zingine, na Perez akawa na mchezo wa kugonga kidevu cha baba kwa kidole asikie kama kinalia.

Yale meno hakuyavaa tena. Yalikaa katika kikombe cha bati juu ya rafu, na wageni wakija Selpha aliyashusha, akasimulia, watu wakashtuka upya kila mara. Lakini alikuwa na mahali pa kuruka katika hadithi ile. Aliruka swali la Kaleli. Alikuwa akitoka kwenye safu ya wanaume moja kwa moja mpaka kwenye vindoano.

Nicanor alimuuliza mara moja tu, miaka mingi baadaye, wakimenya maharagwe mlangoni.

"Siku ile. Alipokuuliza. Mbona ulinyamaza?"

Selpha akaendelea kumenya. Maharagwe matatu, manne.

"Nilikuwa nakutafuta," akasema.

Nicanor akafikiri, akijikuna pale kidevu kilipoinama. "Ungechelewa kidogo tu, ungenitafutia kambini."

"Najua, Baba Perez," akasema. "Najua." Akasogeza ungo karibu naye, mikono yao ikawa inamenya katika ungo mmoja.